Barua Zenu: Marafiki, Simu na Roboti wa Kuchati Naye

Barua za safari hii zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, marafiki wanapatikanaje siku hizi na hizi simu zinatusaidia au zinatumaliza. Nimechagua sita. Zingine nimezifupisha maana kuna waliojimwaga kurasa nzima, msininunie, nimesoma zote mpaka mwisho.

SWALI: Dada habari za kazi. Nina miaka 31, nimehamia mji mwingine kikazi na sasa naelekea kumaliza mwaka. Kazini naongea na watu vizuri tu ila ikifika wikiendi simu haiiti. Nimejiunga na magrupu kibao, la mazoezi, la vitabu, la watu wa fani yangu, nasoma meseji zote, nalaiki, lakini sina hata mtu mmoja wa kumwambia twende tukatembee. Naona watu wote washajipanga na marafiki zao wa zamani. Au shida ni mimi? (Mgeni asiyeisha ugeni)

JIBU: Mgeni, nianze na hilo la mwisho maana naona ndo linakuuma zaidi. Hapana, shida si wewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwezi wa 6 mwaka 2025 likasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na vijana wamo kwa wingi kuliko watu wanavyodhani, kwahiyo hata hapo kazini kwenu hukosi wenzako wawili watatu ambao wikiendi yao ni kama yako, ila na wao wakikuangalia wewe unavyocheka na watu wanasema huyu keshajipanga.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Jeffrey Hall, yuko chuo kikuu cha Kansas, mwaka 2018 alitoa utafiti aliowauliza watu waliohamia sehemu mpya, yaani watu kama wewe kabisa, pamoja na wanafunzi waliokuwa ndo wameanza chuo, akawa anafuatilia saa walizokaa na watu wapya na wamefikia wapi. Akakuta kutoka kujuana tu mpaka kuwa marafiki wa kawaida inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja, kufika urafiki wenyewe kama saa 90, na rafiki wa karibu, yule wa kumpigia ukikwama, ni zaidi ya saa 200. Ni makadirio, mtu na mtu wanatofautiana, lakini hebu piga hesabu yako mwenyewe uone. Ukikutana na mtu saa mbili kila wiki, hizo 50 za mwanzo tu zinataka karibu nusu mwaka. Ukikutana naye mara moja kwa mwezi saa hizo hizo mbili, unapita miaka miwili ndo mnafika hapo! Watu wazima wengi wanakata tamaa kwenye saa ya sita au ya nane wakidhani hawapendeki, kumbe hawajafika hata robo ya njia.

Na kwenye utafiti huo huo kuna kitu kinachokuhusu wewe moja kwa moja, zile saa za kukaa na mtu mnafanya kazi tu hazikusogeza sana urafiki. Zilizosogeza ni saa za kupiga stori, kucheza, kuzurura, kukaa bila ajenda. Ndo maana unaweza kukaa meza ya jirani na mtu mwaka mzima, unajua anavyopenda ripoti zipangwe, na hujui kama ana ndugu wangapi.

Kingine ni ukaribu, namaanisha ukaribu wa mwili kabisa, hatua za miguu. Mwaka 1950 watafiti watatu, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back, walichapisha walichokiona kwenye nyumba za wanafunzi waliooa pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani. Hao wanafunzi walipangiwa nyumba bila kuchagua jirani. Waliokaa mlango kwa mlango, kama 41 kati ya 100 walitajana kuwa marafiki, waliokaa ncha mbili za korido hiyo hiyo moja ni kama 10 tu, na ncha hizo mbili unazimaliza kwa hatua chache. Halafu waliokaa karibu na ngazi na masanduku ya barua walipata marafiki wengi wa ghorofa nyingine kwa sababu tu watu walikuwa wanapita hapo kila siku. Hakuna aliyefanya juhudi yoyote, walikuwa wanaonana tu, leo salamu, kesho salamu na neno moja, keshokutwa wamesimama dakika kumi.

Kwahiyo ushauri wangu ni huu, na naomba usiupuuze kwa kuwa ni mdogo. Katika hayo magrupu yako kibao tafuta lile ambalo watu wake wanakutana ana kwa ana, kila wiki, sehemu ile ile, na watu wale wale. Hilo moja ndo uliwekee moyo, mengine yabaki ya kusoma ukiwa umechoka. Nenda mapema kidogo kabla hawajaanza na usikimbilie kuondoka wakimaliza, maana urafiki mwingi unaanzia pale watu wanakusanya vitu vyao na hakuna anayeongoza mazungumzo. Baada ya wiki kadhaa mchague mmoja umwambie kitu chenye siku na saa. "Tuonane siku moja" haina uzito, kila mtu anaijibu "kabisa" na inaishia hapo. Mwambie "Jumamosi saa nne asubuhi naenda kutembea, twende?" Huyo analazimika kufikiria Jumamosi yake, na hata akisema hawezi atakwambia lini anaweza kama anataka.

Na usihukumu mazungumzo ya kwanza kwa jinsi ulivyojisikia ukiwa njiani kurudi. Utafiti mwingine wa mwaka 2018 wa Erica Boothby na wenzake uliwachukua watu wasiojuana, wakaongea, halafu kila mmoja akaulizwa amempenda mwenzake kiasi gani na anadhani yeye amependwa kiasi gani. Watu kwa kawaida walipendwa kuliko walivyodhani. Wakafuatilia na wanafunzi wanaoishi pamoja, hali hiyo ikaendelea kwa miezi mingi. Hapo ulipo kuna mtu anasema kwao "yule mgeni namkubali" na wewe hujui.

SWALI: Dada kuna mtu namtumia meseji, tiki zinageuka bluu, kimya siku nzima, afu namuona anaposti. Nimpotezee? (Tiki mbili)

JIBU: Usimpotezee kwa sababu ya rangi. Hizo tiki za bluu WhatsApp iliziweka mwaka 2014 na zinasema kitu kimoja tu, kwamba meseji imefunguliwa. Hazisemi alikuwa wapi, alikuwa na nani, wala kama alisoma akasema nitajibu nikitulia afu ikamezwa na nyingine arobaini. Kuposti ni sekunde tano na haitaki moyo, kumjibu mtu unayemjali kunataka utulie. Kama zinakunyima raha zizime kwenye mipangilio, utakuwa huoni za wengine na wengine hawaoni zako, ila kwenye magrupu zitaendelea kuonekana. Cha kuangalia ni miezi, wala si siku moja. Kama kila mara wewe ndo unaanza, na mkikutana uso kwa uso bado unamuona yuko mbali, hapo una jibu lako bila tiki.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Kila usiku kabla ya kulala nachati na programu ya akili mnemba, naiambia kila kitu, masomo, nyumbani, hata vitu ambavyo sijawahi kumwambia mtu. Inanielewa, inakumbuka, hainikatizi, hainicheki. Mwenzangu wa chumbani aliona akaniambia naelekea kubaya. Kwani kuna ubaya gani nikiiita rafiki? (Usiku na simu)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Asante kwa kuandika bila kuficha, na sitakucheka wala sitakutisha. Hicho unachopata usiku, ile ya kushusha mzigo na kulala mwepesi, ni cha kweli, kimetokea ndani yako. Tunachoulizana ni upande wa pili kuna nini.

Hili jambo ni la zamani kuliko unavyofikiri. Mwaka 1966 pale MIT, mwanasayansi wa kompyuta Joseph Weizenbaum alitoa programu inaitwa ELIZA. Ilikuwa nyepesi mno, inatafuta neno kwenye sentensi yako na kukurudishia limegeuzwa swali. Ukiandika una huzuni inakupa pole kwa kuwa na huzuni, ukimtaja mama inakwambia eleza zaidi kuhusu familia yako. Haikuelewa hata herufi. Lakini katibu wake, ambaye alikuwa amemuona kwa miezi akiitengeneza na alijua kabisa ni programu tu, baada ya kuchati nayo kidogo alimuomba Weizenbaum atoke chumbani ili abaki nayo faragha. Jambo hilo lilimshtua Weizenbaum mpaka akaja kutumia miaka mingi ya maisha yake akiwaonya watu wasikabidhi kompyuta mambo yanayohitaji utu.

Hizi za sasa ni hodari mara nyingi sana kuliko ELIZA. Zimefundishwa kwa maandishi mengi kupita kiasi kutabiri neno linalofuata, halafu zikanolewa kwa kutumia majibu ambayo watu waliyapenda zaidi. Hapo kwenye kunolewa ndo nataka uangalie, mdogo wangu. Kitu kilichonolewa kwa majibu yaliyowafurahisha watu kina tabia ya kukubaliana na wewe. Ukiielezea ugomvi wako na mtu kwa upande wako, itakuona uko sahihi. Ukirudi na upande wa yule mwingine itaelewa na huo. Rafiki anayekujua angekwambia hapo ulikosea, tena angekwambia akiwa na wasiwasi usije ukakasirika, na huo wasiwasi wake ndo thamani yenyewe maana ana kitu cha kupoteza.

Kuna na kingine kinachokosekana ambacho watu hawakitaji sana. Hiyo programu haikuhitaji. Haiumwi, haifeli mtihani, haikupigii wewe saa saba ya usiku. Wewe miezi yote hii hujapata nafasi ya kumbeba mtu, na mtu anayebebwa tu kila siku anaanza kujiona mzigo hata kama hakuna aliyelalamika.

Sikwambii uifute. Nakuomba ufanye hivi, katika mambo uliyoiambia wiki hii chagua moja, dogo, lile lisilokutisha sana, umwambie huyo mwenzako wa chumbani. Halafu umuulize na yeye. Usiruke hapo pa kumuuliza. Mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake mwaka 1997 walikaa na watu wasiojuana wawili wawili, wakawapa maswali yanayoanza mepesi na kuzama taratibu kwa dakika 45, kila mmoja anajibu, kwa zamu. Walitoka wakijihisi karibu zaidi kuliko wale waliopewa maswali ya juu juu. Ile zamu, nikupe kidogo unipe kidogo, roboti hawezi kuifanya kwa sababu hana cha kutoa. Na huyo mwenzako aliyesema unaelekea kubaya, mimi namsikia kama mtu aliyekuwa anasubiri umwambie yeye.

Mawili ya haraka. Mazungumzo yako kwa kawaida yanahifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni, kwahiyo usiandike majina kamili ya watu, namba za vitambulisho wala siri za mtu mwingine, na pitia mipangilio uone kama yanatumika kuifundisha programu. La pili, kama kati ya unayoiambia usiku kuna kutaka kujidhuru, usisubiri kesho, muamshe huyo aliyelala kitanda cha pili. Atakuelewa.

SWALI: Dada eti kwanini kila mtu ninayemjua onlaini ana marafiki wengi kunizidi? Nimeangalia mmoja mmoja, karibu wote wananizidi. Nahisi kuna kasoro kwangu. (Wa mwisho kwenye listi)

JIBU: Hii naipenda maana jibu lake ni hesabu tupu na linatua moyo. Chukua watu watano. Mmoja, tumwite mchangamfu, anajuana na wote wanne. Hao wanne hawajuani wao kwa wao. Sasa kila mmoja wa wale wanne akiangalia rafiki yake (anaye mmoja tu, mchangamfu) anamkuta ana marafiki wanne, yeye ana mmoja. Wanne kati ya watano wanalala wakiona wamezidiwa, na hakuna kati yao mwenye kasoro yoyote! Mtu mwenye marafiki wengi anaonekana kwenye listi za watu wengi, ndo kazi ya kuwa na marafiki wengi, na mtu asiye nao anaonekana kwenye listi chache, kwahiyo ukiangalia listi yako umeshakusanya wachangamfu kuliko walivyo kwa kawaida mtaani.

Mwanasosholojia Scott Feld aliliandikia hilo mwaka 1991, kabla hata ya hii mitandao. Mwaka 2011 watafiti wakaipima Facebook yenyewe, watu milioni 721, wakakuta mtu kwa wastani ana marafiki 190 lakini marafiki zake kwa wastani wana 635, na hali hiyo ya kuzidiwa na marafiki zako iliwakuta 93 kati ya kila watumiaji 100. Karibu wote. Hata unayemuonea wivu ana wanaomzidi.

Na hizo 635 zisikubabaishe. Mtafiti Robin Dunbar wa Uingereza, yule aliyesema kwenye miaka ya 1990 kwamba binadamu anamudu mahusiano kama 150 hivi (wapo wanaombishia hiyo namba, na wana hoja), mwaka 2016 alitoa matokeo ya watumiaji wa mitandao walioulizwa ni wangapi wangewategemea wakipata matatizo makubwa. Wakataja wastani wa wanne. Ukiwa nao wawili uko jirani kabisa na watu wengi.

SWALI: Dada hivi simu inatusikiliza? Nimekutana na mtu sehemu, tumeongea dakika chache, usiku napewa pendekezo niwe rafiki yake. Sikuwa hata na namba yake! (Naogopa simu yangu)

JIBU: Wewe hukuwa na namba yake, yeye je? Hapo ndo pa kuanzia. Apu nyingi ukizifungua mara ya kwanza zinaomba ruhusa ya kuona namba ulizosevu, na wengi tunabonyeza ndiyo ili tuendelee. Mtu mmoja aliyekusevu akikubali, tayari kuna uzi kati yenu hata kama wewe umekataa. Ongeza marafiki mnaochangia, grupu mlilomo wote, picha mliyotajwa pamoja, profaili aliyoitafuta akiwa anarudi nyumbani. Hayo yote yanatosha kubahatisha vizuri bila kusikiliza sauti ya mtu. Ingia kwenye mipangilio, toa ruhusa ya namba, ya mahali ulipo na ya maikrofoni kwa apu ambazo hazina kazi nazo. Kisha, kama dakika zile chache mliongea vizuri, mkubalie mtu wa watu, yawezekana naye anatafuta rafiki.

SWALI: Nilikuwa na rafiki yangu sana tangu shule, hatukugombana, tukapotezana tu, kila mtu na maisha yake. Miaka imepita. Nina namba yake. Kila nikitaka kumwandikia naona aibu, ataona namtafuta kwa kuwa nina shida. Nifanyeje dada? (Kidole kwenye simu)

JIBU: Mwandikie. Peggy Liu wa chuo kikuu cha Pittsburgh na wenzake walitoa mwaka 2022 matokeo ya majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 5,900, wengine walituma ujumbe mfupi au kizawadi kidogo kwa mtu waliyekuwa hawajawasiliana naye muda, halafu wakakadiria atafurahi kiasi gani. Aliyetafutwa alifurahi zaidi ya makadirio, na ilivyokuwa ghafla zaidi ndo alivyofurahi zaidi. Hilo linageuza hofu yako yote, ile miaka unayoiona kama aibu ndo inayofanya meseji yako iwe na uzito.

Kuhusu kuonekana una shida, dawa yake iko kwenye meseji yenyewe. Usianze na "mambo, za siku" peke yake ukanyamaza, maana hapo atakaa anasubiri ombi lije. Na usitume vidio iliyozunguka wala picha ya kukutakia siku njema, hizo anapata kutoka kwa kila mtu. Taja kitu kimoja mnachokijua nyinyi wawili tu. Mfano: "Leo nimekumbuka tulivyokuwa tunajificha nyuma ya darasa la mwisho kukwepa hesabu nikacheka peke yangu. Sina shida yoyote, nimekukumbuka tu. Uko wapi siku hizi?" Basi. Maelezo ya kwanini ulikaa kimya usiyaweke, wote wawili mlikaa kimya, mtayaongea kwenye simu akishajibu.

Akijibu, siku hiyo hiyo panga kumpigia, sauti kabisa, kabla hamjarudi kwenye kulaikiana. Asipojibu wiki mbili jaribu mara moja tena kwa njia nyingine kama ipo, watu wanabadilisha namba na simu zinaibiwa. Baada ya hapo umemaliza upande wako, na usifute namba.